Jumapili mbili za dereva wa maziwa zilivyomponza mtoto mchanga

Saa kumi na moja alfajiri barafu imeshika mpaka kwenye bawaba, na Doyle Pruett anaupiga bega mlango wa chumba cha maziwa mara mbili kabla haujakubali kufunguka.

Ndani, tangi la kupozea linanguruma. Anazima kikorogeo, anasubiri maziwa yatulie, kisha anatumbukiza kijiti cha chuma chenye alama. Anakitoa, anakisogeza karibu na taa. Anakifuta kwa kitambaa safi na kurudia tena, maana mara moja kwake si kipimo.

"Paundi elfu nne, mia mbili na kumi," anasema.

Mwenye ng'ombe, mzee Milburn Oakes, amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Ongeza mia, Doyle. Ng'ombe hawatasema."

"Kijiti kimeshasema, mzee."

"Hicho kijiti kitakuua njaa."

"Kitatuua wote wawili basi."

Ni utani wa miaka kumi na moja, na Milburn anajua jibu kabla hajauliza. Doyle, mwenye miaka thelathini na sita, ana leseni ya jimbo ya kupima maziwa na kuchukua sampuli. Katika vilima hivi vya kusini mwa Missouri, mfugaji analipwa kwa nambari aliyoiandika dereva kwenye karatasi ile ya zizini. Hakuna anayepima mara ya pili. Akiandika, imeandikwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa fomu ajaze, Desemba ya mwaka jana. Fomu ikamuuliza Jumapili ngapi kwa mwezi anakwenda kanisani. Akaandika neno moja: mbili.

Neno hilo ndilo lililotaka kumgharimu mwanawe kichwa. Hapa sitafuti maneno makubwa. Ni kichwa hasa, fuvu, mfupa.

Doyle na mkewe, Corinne, hawana bima ya afya. Kama familia nyingi za kanisa lao la Kibaptisti, wako kwenye chama cha Wakristo cha kuchangiana matibabu. Utaratibu wake mtu yeyote anauelewa. Kila mwezi ofisi inakutumia jina na anwani ya mwanachama aliyeugua. Unaandika hundi, unaitia kwenye bahasha pamoja na kadi ya kumtakia heri, unaipeleka posta kwa mkono wako. Ukiugua wewe, bahasha zinageuza njia na kuja kwako.

Akina Pruett wametuma dola mia nne tisini na tano kila mwezi kwa miaka sita, na hawajaruka hata mmoja. Corinne aliandika kila jina kwenye kadi ndogo na kuiweka katika kopo la kadi za mapishi, nyuma ya kadi ya keki za tufaha, ili amwombee mtu huyo akiwa anapika.

"Huyu alikuwa na mawe kwenye figo. Huyu mapacha wake walizaliwa wa miezi saba. Huyu alianguka kutoka juu ya paa la banda la kuku," anasema akizipekua mezani. "Sijawahi kuwaona, lakini nawajua kuliko majirani."

Chama kina masharti yake. Usivute tumbaku. Usilewe. Na uwe kanisani Jumapili tatu au zaidi kila mwezi, mchungaji wako akiweka sahihi kuthibitisha.

Miaka mitano Doyle aliandika nne, na zilikuwa nne. Alikuwa na mwenzake wa kupokezana, aliyeshika usukani Jumapili. Mwishoni mwa mwaka juzi huyo mwenzake akaacha kazi, na kampuni haikuajiri mwingine. Tangi la mfugaji hubeba maziwa ya siku mbili tu, basi lori lazima lipite siku moja, lipumzike siku moja. Hesabu hiyo haijui Jumapili. Wiki hii Doyle yuko kanisani, wiki ijayo yuko barabarani, na ndivyo mwaka mzima.

Mchungaji wake, Orval Teague, anaikumbuka siku ya fomu. Walikuwa wamekaa jikoni kwa akina Pruett, wakila biskuti, vile vimkate laini vya kule, kwa mchuzi mweupe wa soseji.

"Nilimwambia, Ndugu Doyle, ibada yetu inatoka redioni, na redio ya lori lako nzima. Hesabu na hizo. Akaniambia, Ndugu Orval, inashika mpaka kwenye mlima wa Oakes tu. Nikivuka mlima, unakatika katikati ya mahubiri. Nikamwambia basi andika tatu, nusu na nusu ni moja. Akaniuliza, ningekuwa napima maziwa ya ng'ombe wa mkeo, ungetaka nipime hivyo?"

Mchungaji anasugua paji la uso. "Nikaweka sahihi. Nilicheka hata. Nilidhani kule ofisini watapiga simu, tutawaeleza, yataisha. Ni Wakristo wenzetu."

Hakuna aliyepiga simu. Ofisi ilipokea fomu, ikapokea na hundi ya Januari, ya Februari, ya Machi. Pesa zilipokuwa zinaingia, Jumapili mbili hazikumsumbua mtu.

Odessa alizaliwa tarehe tisa Machi, mtoto wa kwanza baada ya miaka minane ya kungoja. Wiki ya tano Corinne akaona kichwa chake kinarefuka kwenda nyuma, kama yai lililolazwa. Mama mkwe alisema ni kulalia upande mmoja. Daktari wa mjini akapitisha kidole utosini, akapitisha tena, akawaandikia barua ya kwenda hospitali ya watoto, safari ya saa tatu.

Huko waliambiwa kwamba mifupa ya fuvu la mtoto huacha nafasi ili ubongo ukue, na ya Odessa imeshikana kabla ya wakati. Ubongo unakua, nyumba haikui. Akipasuliwa mapema, ni matundu mawili madogo, saa moja, na siku ya pili mtoto yuko nyumbani, kisha anavaa kofia ngumu ya kukiongoza kichwa. Akichelewa, ni kukata kutoka sikio hadi sikio, kuvunja mfupa na kuupanga upya, na damu ya kuongezwa.

"Daktari alisema mlango unafungwa wiki ya kumi na nne," Corinne anakumbuka. "Alisema hivyo hivyo, mlango. Mimi nilikuwa nahesabu wiki kwenye vidole vya miguu ya mtoto."

Upasuaji mdogo ulikuwa dola elfu arobaini na nne. Kwa asiye na bima, hospitali ilitaka nusu kabla ya kisu. Doyle analeta nyumbani mia tisa na arobaini kwa wiki. Hawakuhangaika. Walituma karatasi zote kwenye chama, wakapanga siku, wakaenda nyumbani wakalala usingizi. Corinne alinunua hata stempu za ziada, za kushukuria.

Jibu lilikuja wiki ya nane. Barua ilikuwa na mstari wa maandiko juu, na chini yake maneno kwamba familia haikutimiza kigezo cha ibada. Hivyo imewekwa kwenye mwaka wa uangalizi: iendelee kutuma mchango wake kila mwezi, lakini gharama zake zenyewe hazitachangiwa.

Isomwe tena, polepole. Waendelee kutoa. Wasipewe.

"Nilidhani wamekosea bahasha," anasema Doyle. "Nilitazama jina. Nikatazama tena jina. Nikamwita Corinne, nikampa aisome."

Corinne alipiga simu ofisini. Aliyepokea ni mama mwenye sauti ya upole, aliyesema kwamba kabla hawajaanza angependa waombe pamoja.

"Aliomba vizuri," Corinne anasema. "Alimtaja Odessa kwa jina. Alimtaja daktari. Aliombea mikono ya daktari. Mimi nilikuwa nalia nikisema asante, Yesu. Kisha akasema amina, na baada ya amina akasema hapana."

Anakunja kitambaa cha vyombo, anakikunjua.

"Nikamuuliza, mume wangu angeandika nne, mngemlipia mtoto? Akasema, dada, fomu ndiyo tunayoiangalia. Nikamwambia jibu, ndiyo au hapana. Akasema ndiyo."

Usiku ule Corinne hakumfokea mumewe. Alifanya lililo baya kuliko kufoka. Kwa siku nne hakumsemesha. Aliweka chakula mezani, akamnyonyesha mtoto akiwa amegeukia dirisha.

"Siku ya tano nilimwambia, Doyle, kuna mwanamume mwaminifu, na kuna mwanamume anayependa kuwa mwaminifu. Wewe ni yupi? Alikwenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi."

Doyle anasikiliza hayo akiwa ameketi pale pale, na hakatai. "Lilikuwa safi kweli," anasema.

Ilibaki rufaa. Chama kinachagua wanachama saba kwa kura ya bahati, kila mmoja yuko nyumbani kwake, wanaunganishwa kwa simu, mwombaji anajieleza dakika kumi na tano bila kuwaona wala kuambiwa majina yao. Wakubwa wa ofisi wanaupenda utaratibu huu. Ukishindwa, umeshindwa na wenzako, wao hawamo.

Doyle aliwaeleza juu ya tangi la siku mbili, juu ya mwenzake aliyeacha, juu ya mlima unaokata redio. Akawaambia Odessa ana wiki ya kumi. Kuna aliyekohoa. Kuna aliyeuliza kama hawezi kutafuta kazi nyingine.

Watatu walisema achangiwe. Wanne walisema hapana.

Aliyewahi kuzika mke huku bado anajibu barua za ofisi za matibabu anaijua saa inayofuata simu kama hiyo. Nyumba inabaki vile vile. Jokofu linanguruma. Unaona aibu kwa sababu una njaa.

Corinne ndiye aliyenyanyuka. Alishusha kopo la mapishi na kutoa kadi zote. Zilikuwa sabini na nne, familia sabini na nne walizowahi kuzitumia hundi, kila moja na anwani yake. Alinunua karatasi, akaandika kwa mkono. Alieleza ugonjwa, akaeleza wiki ya kumi na nne, akaeleza Jumapili mbili bila kuficha. Mwisho akaandika: tunaomba maombi, msitume pesa.

"Nilimaanisha," anasema. "Pesa tuliomba ofisini tukanyimwa. Nikasema sasa niombe kitu ambacho hakuna ofisi inayokizuia."

Wiki moja baadaye Nadine, mama anayesambaza barua kwa gari katika barabara ile, alipiga honi langoni mpaka Corinne akatoka.

"Dada, nunua sanduku kubwa la barua au uache kupendwa," Nadine alimwambia. "Mgongo wangu una miaka hamsini na nane."

Hundi ya dola ishirini na tano. Hundi ya mia mbili. Yule wa mawe ya figo alituma mia tano. Mama wa mapacha alituma picha yao, wanene, wamevaa buti, na dola kumi na moja taslimu, kwamba ndizo alizokuwa nazo siku hiyo. Aliyeanguka kutoka paa la banda la kuku aliandika: "Bado nachechemea, lakini nimeenda posta kwa miguu."

Siku kumi na moja zilileta dola elfu kumi na tisa, mia tatu na arobaini. Zilipungua elfu mbili, mia sita na sitini. Milburn Oakes, ambaye kanisani huonekana Krismasi na mazishini, aliuza mitamba wawili na kuja na bahasha zizini, alfajiri, Doyle akiwa anafuta kijiti.

"Si zawadi, usinililie hapa," alimwambia. "Ni mkopo. Utanilipa kwa kuongeza mia kwenye hicho kijiti."

Doyle aliipokea. Kisha akaandika paundi alizoziona kwenye kijiti, Milburn akamwita mpumbavu, wakaachana.

Odessa alipasuliwa siku tatu kabla ya wiki ya kumi na nne kutimia. Saa moja na dakika kumi. Siku ya pili alikuwa nyumbani, amevimba macho, ananyonya.

Mtu angetegemea hapo ofisi ione haya. Wiki hiyo hiyo ilitoka barua nyingine: kwa kuwaandikia wanachama moja kwa moja, familia imekiuka utaratibu wa maombi ya misaada, na ikirudia itafutwa. Nimeishika barua hiyo kwa mikono yangu. Ina mstari wa maandiko juu, unaohusu kubebeana mizigo.

Lakini barua iliyowagusa zaidi ilikuja Julai, peke yake, wakati sanduku lilikuwa limeshatulia. Ndani mlikuwa na hawala ya posta ya dola mia tatu, isiyo na jina la mtumaji, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Doyle aliisomea pale pale langoni. Wameniruhusu niinakili.

"Nilikuwa kwenye ile simu. Nilikuwa mmoja wa wale wanne. Miaka tisa mimi na mume wangu tunaandika nne, na kanisani tunakwenda Pasaka. Mchungaji wetu anaweka sahihi bila kusoma. Nilipokusikia niliogopa kwamba ukipita, wataanza kutazama fomu za wengine. Mwaka jana walinilipia nyonga. Usinitafute."

Doyle aliikunja, akaifunua, akamsomea mkewe jikoni.

"Angalau ametubu," alisema Corinne.

"Ametubu kwangu," alisema Doyle. "Kwenye fomu hajatubu."

Karatasi hiyo sasa imo kwenye kopo la mapishi, na kadi yake isiyo na jina. Corinne humwombea mwanamke huyo akiwa anapika, na anakiri kwamba siku nyingine huruka.

Mimi sikusoma sana, na siwezi kubishana na wanaoandika kanuni kwenye viti vya kuzunguka. Najua hili tu: nyonga ya mwongo ililipiwa, na kichwa cha mtoto wa msema kweli hakikulipiwa, na kila aliyeshika kalamu kule juu anasema alifuata utaratibu.

Leo Odessa ana miezi tisa. Yuko chini ya meza ya jikoni, anatambaa, na kofia yake ngumu, ya tatu sasa, inagonga mguu wa kiti, ko, ko. Huivaa saa ishirini na tatu kwa siku. Ya kwanza ililipiwa kwa bunduki ya babu yake Doyle. Ya pili kwa piano ya Corinne. Hii ya tatu bado inalipwa, pamoja na nusu ya pili ya upasuaji, dola mia nne kwa mwezi kwa miezi hamsini na mitano.

Machi watampiga picha ya kichwa. Mara chache, daktari amewaambia, mfupa hujishika upya, na hapo hakuna matundu mawili tena. Ni sikio hadi sikio.

Na juu ya meza, kati ya chupa ya maziwa na sahani ya mkate wa mahindi, iko fomu ya mwaka ujao. Inatakiwa ifike kabla ya tarehe thelathini na moja Desemba. Ikionyesha Jumapili tatu, uangalizi unaisha, na lolote la Machi litachangiwa.

Jumatano iliyopita kanisa lao, la watu wasiozidi hamsini, lilipiga kura. Kuanzia Januari, kila Jumapili ambayo Doyle yuko barabarani, ibada itahama kutoka saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, lori likiwa limeshamwaga kiwandani. Thelathini na mmoja walikubali, tisa walikataa. Mmoja wa hao tisa, shemasi, alisimama kusema nyama yake ya Jumapili itakauka kwenye oveni.

Milburn hakuwa na kura, lakini alikuwa amekuja na alikaa benchi la nyuma. "Ikauke," alisema, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

Kwa hiyo mwaka ujao hesabu itakuwa njema. Shida ni kwamba fomu inauliza mwaka huu unaoisha.

"Ndugu Orval alinipigia jana," anasema Doyle. "Akasema, andika nne, kwa sababu kuanzia wiki ijayo ni nne. Anasema si uongo, ni kuwahi tu."

"Nami nilimwambia hivyo hivyo," anasema Corinne.

Doyle anachukua kalamu. Inamkatalia, anaipuliza ncha, anaijaribu ukingoni mwa gazeti. Chini ya meza kofia inagonga, ko, ko. Anaandika. Haifuniki kwa mkono. Corinne anaweza kuisoma akiwa amesimama alipo: mbili.

Corinne anainama, anamtoa Odessa chini ya meza, anamweka kiunoni. Fomu inahitaji sahihi ya mume na ya mke, na bila ya mke haipokelewi.

"Ikija Machi ikiwa mbaya," anamwambia mumewe, "utauza lori la nani?"

"Sijui."

"Sema tena."

"Sijui, Corinne."

"Vizuri. Hiyo nayo ni kweli."

Anaivuta fomu upande wake, na huku mtoto akiinyakua kalamu, anaweka sahihi iliyopinda inayovuka mstari.

"Mwakani," anasema Doyle, "nitaandika nne."

"Zitakuwa nne?"

"Zitakuwa nne."

Corinne analamba bahasha na kuifunga. Kisha anatoa kwenye kopo anwani ya mgonjwa wa mwezi huu, mvulana wa Arkansas mwenye moyo wenye tundu, na kuanza kumwandikia hundi.